Niagize nakala ngapi za GTA VI? Hesabu ya duka moja la Dodoma

SWALI: Nina duka dogo la gemu Majengo, Dodoma, na pembeni yake chumba cha kuchezea chenye PS5 tatu. Tangu trela ya pili ya gemu ya GTA VI (Grand Theft Auto VI) itoke, haipiti siku bila mtu kuja kuulizia. Muuzaji wangu wa jumla wa Kariakoo anataka nimwambie mapema nitachukua nakala ngapi, tena nilipe nusu. Mitandaoni wanasema itavunja rekodi zote. Je, kuna njia ya kutabiri mauzo ya siku ya kwanza, au ni kubahatisha tu? Nikichukua 50 nitakuwa nimekosea?

JIBU: Kwa duka la ukubwa huo 50 ni nyingi, labda uwe tayari umeshika arubuni za watu 40. Njia ya kutabiri ipo, na haihitaji kompyuta, bali daftari, kalamu na ukali kidogo katika kuuliza maswali. Ila kwanza tenganisha mambo mawili ambayo muuzaji wako anayachanganya, ama kwa kutojua au kwa kujua: mauzo ya dunia nzima na mauzo ya kaunta yako. Rekodi ya dunia inaweza kuvunjwa huku makasha 30 yamedoda kwenye rafu yako.

Tuanze na hesabu ya dunia, kwa sababu ndiyo utakayotupiwa usoni. GTA V, toleo lililotangulia, ilitoka tarehe 17 Septemba 2013 kwa PS3 na Xbox 360, konsoli (mashine za kuchezea gemu) za wakati huo. Ndani ya saa 24 ziliuzwa nakala milioni 11.21, zenye thamani ya dola milioni 815.7. Mwaka huo huo, kila moja kati ya konsoli hizo mbili ilikuwa imefikisha takriban milioni 80. Jumla ni milioni 160. Gawanya milioni 11.21 kwa 160 unapata asilimia 7. Yaani gemu iliyoweka rekodi ya dunia ya siku ya kwanza ilinunuliwa siku hiyo na wenye konsoli saba katika kila mia. Wengine walikuja baadaye, wengi wao miaka baadaye, wakiwa na konsoli za kizazi kingine, mpaka gemu ikapita nakala milioni 200.

Uwiano huo ndio msingi wa utabiri wowote wa maana: konsoli zilizopo mikononi mwa watu, mara sehemu ya wenye konsoli wanaonunua siku ya kwanza. Sony ilitangaza kwamba hadi mwisho wa Septemba 2025 PS5 zilikuwa zimefika milioni 84.2. Kwa asilimia 7 unapata karibu nakala milioni 5.9. Ukiamini kiu ya miaka yote hii imeongeza uwiano mara mbili, unapata milioni 11.8. Hapo bado hujaweka Xbox, na Microsoft iliacha kutangaza idadi ya konsoli zake mwaka 2015, kwa hiyo sehemu hiyo kila mtu anakisia. Kuna sababu za uwiano kupanda: siku hizi watu wengi wananunua kwa kupakua, na duka la mtandaoni haliishiwi mzigo wala halina foleni. Kuna sababu za kushuka: bei, na wanaosubiri kusikia wenzao wanasemaje. Anayekupa namba moja tu ya dunia, bila kukuambia chini inaishia wapi na juu inafika wapi, hajapiga hesabu.

Angalia pia namba unayosomewa ni ya kitu gani. Red Dead Redemption 2, gemu ya kampuni ileile ya GTA, ilipotoka 26 Oktoba 2018, kampuni hiyo ilitangaza mauzo ya zaidi ya dola milioni 725 kwa siku tatu, kisha ikatangaza nakala zaidi ya milioni 17 katika muda usiozidi wiki mbili. Hizo milioni 17 ni nakala zilizoingia madukani, zikiwemo zilizokuwa bado zimekaa kwenye rafu. Zile dola milioni 725 ni fedha iliyotoka mifukoni mwa wateja. Kwa mtengenezaji nakala imeshauzwa ikifika kwako. Kwako wewe haijauzwa. Kila unapoambiwa "imeuza", uliza: imeuzwa kwa nani?

Sasa kelele za mitandaoni. Trela ya kwanza ya GTA VI, Desemba 2023, ilitazamwa mara zaidi ya milioni 90 kwenye YouTube ndani ya saa 24. Ni umaarufu wa kweli, lakini kutazama trela ni bure, na mtu mmoja huitazama mara kumi. Mtoto wa Chang'ombe mwenye simu ya mkopo anahesabiwa sawa na mtu wa Mlimwa mwenye PS5 na mshahara. Hata watengenezaji wenyewe, wenye takwimu zote, huwa wanakosea. Elden Ring ilitoka 25 Februari 2022 ikitarajiwa kufikisha nakala milioni 4 hadi mwisho wa Machi, ikapita milioni 13. Cyberpunk 2077 ilipata oda za mapema milioni 8 na ikauza zaidi ya milioni 13 ndani ya siku kumi za Desemba 2020, lakini kwenye PS4 ilikuwa mbovu kiasi kwamba Sony iliitoa kwenye duka lake la mtandaoni na kurudishia watu fedha. Duka lililokuwa limeagiza mzigo wa pili kwa kuangalia siku ya kwanza lilibaki nao.

Na usitumie Google Trends kupima Dodoma. Namba zake za 0 hadi 100 si idadi ya watu. Zinalinganisha utafutaji na kilele chake wenyewe, na kwa eneo dogo zinayumba kwa sababu ya watu wachache tu. Vivyo hivyo na sensa: Jiji la Dodoma lilihesabiwa watu 765,179 mwaka 2022, lakini hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuhesabu PS5.

Hesabu yako inaanzia kwenye daftari. Kuanzia leo, kila anayeulizia muulize mambo manne, na uandike: ana konsoli gani, ni ya CD au dijitali, atalipa kwa njia gani, na yuko tayari kuacha arubuni leo. Swali la kwanza litakuondolea watu wengi kuliko unavyodhani. GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S tu. Mwenye PS4, hata akija kila siku na akijua majina ya wahusika wote, si mteja wa siku hiyo, na mjini hapa PS4 bado ni nyingi. Swali la pili linawaondoa wenye PS5 dijitali na Xbox Series S, ambazo hazina mahali pa kuingiza CD. Hao unaweza kuwauzia kadi za kuongezea salio la akaunti, lakini hiyo ni biashara nyingine, na lazima nchi ya kadi ilingane na nchi ya akaunti.

Tuchukue mfano, namba zake ni za kuonyeshea tu. Watu 140 wameulizia. Ukichuja, 61 wana PS4, wanabaki 79. Kati yao 18 wana mashine zisizo na CD, wanabaki 61. Katika hao 61, wameacha arubuni 16, wanaosema "nitakuja siku hiyo hiyo" ni 31, na 14 wanasema watasubiri bei ishuke. Hao 14 wafute. Wa arubuni hesabu tisa kati ya kumi, kwa sababu daima kuna anayesafiri au kupata msiba: unapata 14. Wa "nitakuja" wahesabu kwa asilimia 15: unapata karibu 5. Ongeza watatu wa kupita tu, ambao hujawahi kuwaona. Jumla 22. Umetoka 140 mpaka 22, na hakuna aliyekudanganya. Mtu akiulizia gemu anakwambia anaitamani, basi.

Hiyo asilimia 15 usiichukue kama msahafu. Ni ya kuanzia tu kwa asiye na kumbukumbu. Kama unauza FC, ile gemu ya mpira ya kila mwaka, una kipimo kizuri zaidi: kumbuka mwaka jana wangapi walisema watachukua wiki ya kwanza na wangapi walichukua kweli. Uwiano wa wateja wako wenyewe unashinda wa duka lolote. Ila wapenzi wa mpira wanarudi kila Septemba kwa mazoea, na wa GTA watakuja mara moja, kwa hiyo kipimo hicho kishushe kidogo.

Kisha jipime kwa njia ya pili, usitegemee moja. Waulize mafundi wawili watatu wanaotengeneza konsoli na wenzako wanaouza mashine: PS5 za CD zilizoingia upande wenu zinaweza kufika ngapi? Wakikwambia kama 400, asilimia 7 ni nakala 28, na hizo mtagawana maduka yote pamoja na wanaoagizia ndugu zao wa Dar. Kama daftari linasema 22 kwako peke yako na njia hii inasema 28 kwa wote, hesabu zako za "nitakuja" zimepanda mno. Rudi uchuje upya.

Ukishapata 22, usiagize 22. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ndiyo sehemu ninayokuomba uisome mara mbili. Utabiri ni wigo wa namba, na pa kusimama ndani ya wigo huo panategemea kosa lipi linakuumiza zaidi: kupungukiwa au kubakiwa. Wenye taaluma huiita hesabu ya muuza magazeti, kwa sababu gazeti la leo likibaki hadi kesho limekufa.

Andika kwenye mstari mmoja hali kumi unazoona zinaweza kutokea, kuanzia mbaya hadi nzuri: 14, 16, 18, 20, 21, 22, 24, 26, 28, 32. Sasa weka bei. Tuseme, kwa mfano tena, nakala inakufikia kwa shilingi 185,000 pamoja na usafiri, unauza 220,000, na ikibaki miezi mitatu utaitoa kwa 140,000. Ukikosa mzigo mteja akaondoka, unapoteza faida ya 35,000. Ukibakiwa, unapoteza 45,000. Gawanya hasara ya kukosa kwa jumla ya hasara zote mbili: 35 gawanya kwa 80 ni 0.44. Maana yake simama kwenye asilimia 44 ya mstari wako. Namba ya nne ni asilimia 40, ya tano ni 50, kwa hiyo chukua ya tano: 21.

Badilisha kitu kimoja uone. Tuseme GTA haishuki bei haraka, na iliyobaki utaiuza 170,000. Hasara ya kubakiwa inakuwa 15,000 tu. 35 gawanya kwa 50 ni 0.70, unaenda namba ya saba: 24. Wateja ni walewale, utabiri ni uleule, lakini oda imepanda kwa sababu ya bei ya masalio. Ndiyo maana mzigo wa FC unapaswa kuagizwa kwa woga, maana toleo jipya likitoka la zamani linakuwa la kutupa, na mzigo wa GTA unaweza kuagizwa kwa ujasiri kidogo. Lakini hesabu na mtaji pia: nakala 10 zilizokaa Januari nzima ni 1,850,000 ambazo hazinunui pedi za kuchezea wala chaja, na pedi ndizo zinazolipa kodi ya fremu.

Umbali wa Dar nao unaingia kwenye hesabu. Ni kama kilomita 450. Mzigo ukiwekwa kwenye basi la jioni asubuhi unao, na siku hizi treni ya SGR imefupisha safari zaidi. Kwa hiyo mteja aliyekosa siku ya kwanza si lazima umpoteze. Ukimwambia "kesho kutwa mchana, acha elfu hamsini", wengine watakubali. Hilo linapunguza hasara ya kukosa, na linakuruhusu kuagiza nakala pungufu. Tatizo ni moja: siku hiyo Kariakoo yenyewe inaweza kuwa kavu, au bei ikapanda ghafla. Dawa yake ni kumwomba muuzaji wa jumla akuandikie mafungu mawili: 18 za kulipia nusu sasa, na 6 za kukushikilia kwa bei ileile hadi siku ya tatu. Akikataa fungu la pili, ujue naye hana uhakika wa mzigo wake, na hiyo ni taarifa tosha.

Kuhusu tarehe, kuwa makini sana. Gemu hii ilitajwa kwanza kuwa ya 2025, ikasogezwa hadi 26 Mei 2026, kisha Novemba 2025 ikatangazwa kuwa ya 19 Novemba 2026. Aliyelipa nusu ya mzigo kwa tarehe ya kwanza fedha yake imelala zaidi ya mwaka. Usilipe mpaka mkataba useme tarehe ikisogea fedha inarudi au inahamia kwenye mzigo mwingine. Na arubuni za wateja wako usizitumie hata kidogo: ziweke kwenye laini au akaunti ya peke yake. Kwenye stakabadhi andika jina la gemu, aina ya konsoli, kiasi kilichobaki, siku ya mwisho ya kuchukua, na neno moja wazi kwamba tarehe ikisogezwa mteja ana haki ya kurudishiwa. Arubuni iwe ya kuuma kidogo. Elfu tano mtu anaisahau, ila elfu hamsini ataifuata hata kwa mvua.

19 Novemba 2026 ni Alhamisi. Kwa mji wa wafanyakazi wa serikali, hiyo ni kabla mshahara wa mwezi haujaingia kwa wengi. Wanafunzi wa UDOM, CBE na Mipango nao wanategemea boom (fedha za mkopo wa masomo) limetoka lini. Kwa hiyo tarajia siku ya kwanza iwe ndogo kuliko kelele zake, na wimbi la kweli lije mishahara ikiingia. Kwenye mfano wetu, kati ya 22, ningeweka 11 au 12 siku yenyewe na Ijumaa, zilizobaki wiki inayofuata. Hilo ni jambo jema kwako, maana mzigo wa pili kutoka Dar unakuwa umeshafika.

Jambo la kuthibitisha kabla ya yote: ndani ya kasha kuna nini? Kuna gemu zinazouzwa kwenye kasha lenye karatasi ya namba za siri tu, bila CD. Mteja akiliona hilo atakurudishia, na wewe huwezi kuliuza kama la mtumba wala kulitumia kwenye mashine zako tatu. Mwambie muuzaji aandike kwa maneno: CD ipo, siku ya kwanza, toleo la PS5. Kama jibu ni "nadhani ipo", futa oda ya makasha na uhamie kwenye kadi za akaunti. Hata CD ikiwepo, gemu kubwa huhitaji kupakua nyongeza siku hiyohiyo. Red Dead Redemption 2 ya PS4 ilikuja na CD mbili, moja ya kusakinisha na moja ya kuchezea, na bado ilitaka intaneti kwa marekebisho. Mwambie mteja mapema aandae bando, vinginevyo atarudi kesho yake asubuhi akidhani umemuuzia mbovu. CD za PS5 hazibagui nchi, ila ili nyongeza za kulipia zikubali, eneo la CD lazima lilingane na la akaunti yake. Lisemee kaunta kabla hajalipa.

Chumba cha kuchezea usikisahau, lakini usikikuze. Nakala ya 185,000, kwa shilingi 2,000 kwa saa, inajilipa ikikuletea saa 93 za ziada. Za ziada, yaani zile ambazo mashine ingekaa bure. Kama PS zako tayari zimejaa mpira kuanzia saa kumi jioni, GTA inawahamisha tu watu, tena mpira unawakalisha wawili kwa pedi mbili na GTA mmoja. Weka nakala moja, kwenye mashine moja, saa za mchana. Ya pili inunue ukiona foleni.

Siku yenyewe, kitu cha thamani kuliko mauzo ni orodha ya waliokosa. Nakala 18 zikiisha saa nane mchana, daftari litaonyesha 18, na mwakani utadhani wateja wako ni 18. Siyo. Ni 18 pamoja na kila aliyeingia baada ya saa nane akaondoka mikono mitupu. Mpe kijana wako karatasi: saa, konsoli, alikuwa na fedha mkononi au anaulizia tu. Fanya hivyo hadi Jumapili usiku. Kando yake andika kila "nitakuja" wa daftari lako kama alikuja kweli. Hapo ile asilimia 15 niliyokukopesha unaitupa, unaweka yako.